Tundu Kwenye Kivuli

Jibu la Mamlaka ya Kivuli lilinifikia Jumamosi saa tatu asubuhi, siku yenyewe, baada ya barua zangu sita na miezi kumi na mmoja ya kusubiri. Lilisomwa na ile sauti ya mashine iliyofungwa katika kila kituo, sauti ambayo haijawahi kukasirika tangu ilipowashwa.

"Ombi lako la kusitisha kivuli kwa saa mbili katika Kituo cha Mwatate limepokelewa kwa furaha," ilisema. "Kutazama sayari si miongoni mwa sababu zilizoorodheshwa."

"Zilizoorodheshwa ni zipi?"

"Moto wa msituni, ndege iliyopotea, kuzibua bomba, na mazishi ya kitaifa."

"Zuhura inapita mbele ya jua leo. Ikishapita, haitapita tena kwa miaka mia moja ishirini na miwili. Hiyo si sababu?"

"Tunakutakia siku yenye ubaridi, Msimamizi Mkawasi."

Niliizima. Laiti ingekuwa na shingo.

Saa nne kamili nikafanya kazi ninayolipwa kuifanya. Nilifungua koki za maputo saba yaliyofungwa kwa nyaya ndefu juu ya tambarare, na unga wa chumvi ukaanza kumwagika hewani, kilomita mbili na nusu juu ya vichwa vya watu. Baada ya nusu saa anga ilikuwa na rangi ya uji mwepesi. Jua likawa doa jeupe lisilo na kingo, na kipimajoto cha uani kikateremka kutoka thelathini na tisa hadi thelathini na mbili.

Sisemi kivuli ni kibaya. Bibi yangu alifia kitandani mwake Voi, mwaka wa joto lile kubwa, kabla maputo hayajaja, na mtaani kwao peke yake walizikwa watu kumi na mmoja wiki hiyo. Ndiyo maana niliomba kazi hii. Lakini mtu anaweza kukichukia kitu anachokihitaji, na siku hiyo nilikichukia kivuli tangu nilipoamka.

*

Chama chetu cha watazamaji wa anga kina wanachama wanne, na kabla ya saa tisa wote walikuwa wamefika kwenye uwanja wa kituo, juu ya kilima.

Mwalimu Nyambu alitufundisha fizikia sisi wengine watatu, akastaafu, na akaendelea kutufundisha bila kuombwa. Ana miaka sabini na tisa. Darubini aliiunda mwenyewe kwa bomba la maji na kioo alichokisugua kwa mkono miezi saba. Righa, fundi wa redio, ndiye mpiga picha wetu. Malemba ni muuguzi katika hospitali iliyo pale chini, na alikuja na sare yake ya kazi kwa sababu zamu yake ilianza jioni.

Zuhura ina tabia ya kuudhi. Hupita mbele ya jua mara mbili, miaka minane ikiwa katikati, kisha hupotea kwa zaidi ya karne. Mara ya kwanza, mwaka 2117, ilipita asubuhi kabla ya saa za kivuli. Tulinyeshewa tangu alfajiri, watu wanne chini ya turubai moja, na Mwalimu akakataa kwenda nyumbani mpaka saa tatu eti huenda mawingu yakaona haya. Leo ndiyo ilikuwa mara ya pili. Ingeanza kuugusa ukingo wa jua saa kumi na robo alasiri, na saa kumi na dakika thelathini na nane hivi ingekuwa imeingia yote.

Sisi tunapima kitambo kimoja tu: ile sekunde ambayo sayari inaachana na ukingo na kubaki peke yake ndani ya jua. Ukisikia unaona ni jambo rahisi. Lakini inapokaribia kuachana, doa hilo jeusi huvutika kama tone la lami lisilotaka kudondoka, na kila mtazamaji huliona likikatika kwa wakati wake. Kwa hiyo Mwalimu ana sheria. Hakuna kusema na hakuna kuchungulia karatasi ya mwenzako. Kila mtu huandika saa aliyoiona, hali ya anga na sababu ya hali hiyo, hutia karatasi kwenye bahasha ya kaki na kuifunga kwa gundi, na bahasha zote hufunguliwa kesho yake mbele ya chama. Tumefanya mazoezi hivyo kila Jumamosi kwa miaka minane, tukipima madoa ya jua yasiyoonekana. Nyumbani kwa Mwalimu kuna sanduku zima la karatasi zilizoandikwa "sikuona kitu, kivuli."

"Mkawasi," Righa alisema huku akifunga kamera yake kwenye darubini, "hiyo rimoti ya maputo iliyo kiunoni mwako ni pambo?"

"Nyamaza, Righa."

"Nauliza tu. Naona inang'aa."

"Watu elfu thelathini wako chini ya hicho kivuli," Malemba alimwambia. "Ukitaka jua nenda Sahara."

Mwalimu alikuwa akifuta kioo kwa leso, akikipuliza, akikifuta tena. Hakuwa ameniomba kitu, si siku hiyo wala miezi kumi na mmoja yote, na hilo ndilo lililonichoma. Laiti angeniomba, ningemkatalia na roho yangu ingetulia.

"Picha zitakuwepo, Mwalimu," nilimwambia. "Wale wasio na kivuli watapiga maelfu."

"Najua."

"Hata vipimo vyetu hakuna anayevihitaji. Umbali wa jua unajulikana mpaka mita ya mwisho."

"Mkawasi, najua. Niliwafundisha mimi." Alikunja leso yake katika pembe nne, kama afanyavyo siku zote. "Ni hamu tu. Mtu wa umri wangu kuwa na hamu ni aibu kidogo, lakini ndiyo hiyo."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu bila kutaka. Jua la saa kumi limeinama magharibi, kwa hiyo ukungu unaoliziba si ule ulio juu ya kichwa. Ni ule wa puto namba tano, kilomita tano kutoka kwetu, upande wa Bura. Ukifunga koki ya tano peke yake, upepo utaukokota ukungu wake, na katika nusu saa kutakuwa na tundu. Jua litakalopita katika tundu hilo litatua juu ya kilima chetu na juu ya yeyote aliye karibu nasi. Ni koki moja kati ya saba. Na msimamizi anaruhusiwa kuifunga dakika thelathini bila kumuuliza mtu, akiwa na sababu iliyoorodheshwa; zikiisha, inajifungua yenyewe.

Saa kumi kamili niliingia ofisini eti nakwenda kunywa maji. Nilifunga koki ya tano. Mashine iliniuliza sababu.

"Kuzibua bomba," nikasema.

"Asante kwa uangalifu wako," ilijibu.

*

Saa kumi na dakika ishirini na sita Malemba alitazama chini, akasogeza mguu, akautazama tena. Kivuli chake kilikuwa pale kwenye mchanga, cheusi, chenye vidole.

Sote tuliinua nyuso na kuzifunika kwa mikono mara moja. Nilikuwa nimesahau jua linavyouma. Pale chini, kanisa walilokuwa wakiliezeka upya liliwaka ghafla, mabati mapya yote kwa pamoja, na Righa akapiga mluzi.

"Upepo huo," akasema. "Upepo una adabu leo."

Mwalimu alinitazama mara moja tu, kisha akainamia darubini yake. "Kamera, Righa. Mna dakika kumi na mbili."

Hapo ndipo tulipovuna miaka minane ya mazoezi. Kioo cha kamera kilikuwa cheupe. Righa alipunguza mwanga, kikabaki cheupe. Alipunguza mpaka mwisho, kikawa cheupe vilevile kama shuka la hospitali.

"Imekufa?" nikauliza.

"Haijafa. Mwanga ni mwingi." Alikuwa akitokwa na jasho puani. "Kichujio hiki ni kile chepesi."

"Kwa nini ni chepesi?"

"Kwa sababu kile kizito hakionyeshi chochote kwenye kivuli, Mkawasi! Tangu lini tumekihitaji kile kizito?"

Tulielewa sote kwa wakati mmoja. Miaka minane tulikuwa tumejifunza kupiga picha jua la uji. Kichujio cha jua lenyewe, jua la watu wa zamani, kilikuwa kwenye kabati la Mwalimu kule Wundanyi, kimefungwa ndani ya soksi ili kisikwaruzike. Righa aliinama ili achungulie darubini kwa jicho, na Mwalimu akamvuta ukosi kwa nguvu ambazo sikuzitarajia.

"Toa jicho hapo. Unataka kuwa kipofu kwa ajili ya ujinga wetu?"

"Sasa tufanye nini?"

Mwalimu alisimama akipumua. Nilimwona akizeeka pale pale, na nilitaka kulia kwa hasira, maana nilikuwa nimetenda kosa na sasa kosa lenyewe lilikuwa halina faida. Kisha akasema, "Mkawasi, ofisini kwako kuna kalenda?"

Nilikimbia. Niliing'oa ukutani na msumari wake. Mwalimu aliondoa kamera, akaweka lenzi ndogo mahali pake, na kumwambia Malemba aishike kalenda kwa nyuma, upande mweupe, hatua moja kutoka kwenye lenzi. Malemba aliisogeza mbele, nyuma, kidogo tena, na jua likatua juu ya karatasi, la mviringo, lenye kingo kali, kubwa kama mdomo wa kikombe. Kwenye ukingo wake kulikuwa na kidoa cheusi, kimezama karibu chote.

Hakuna aliyesema neno, kwa sababu ya sheria. Kidoa kilikuwa kama punje ya mtama. Kiliingia polepole mno, kikavutika nyuma kikiwa bado kimeshikwa na ukingo, na nikahesabu kimoyomoyo huku nikiitazama saa ya ukutani niliyokuwa nimeitoa nje asubuhi. Kikakatika. Kikawa peke yake ndani ya jua. Righa alipiga picha ya karatasi kwa kamera iliyokuwa mkononi, mara ishirini, mara thelathini, akipangusa macho kwa bega.

Tuliandika. Kwenye hali ya anga niliandika "wazi." Kwenye sababu mkono wangu ulisita kidogo, kisha nikaandika "upepo," nikapaka gundi.

Saa kumi na dakika arobaini na sita kingo za jua zilianza kuyeyuka, na baada ya dakika moja kalenda ilikuwa karatasi tupu. Mwalimu aliendelea kuitazama. Simu ya Malemba ikalia.

"Nakuja," alisema ndani ya simu, na akatuambia, "Fundi Mwadime ameanguka kutoka juu ya kanisa."

*

Jumapili, baada ya mahubiri, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alisimama kutoa matangazo. Alisema paa litachelewa na huenda Krismasi ikatukuta chini ya turubai. Alisema pia, kwa sauti ya kusikitika, kwamba fundi Mwadime amerudia chupa, kwamba mtu mzima na akili zake haanguki alasiri ya kivuli, na kwamba kamati haitagharamia matibabu ya mlevi. Watu waliguna. Mimi nilitazama pale juu palipobaki mwanya kati ya bati na bati, na anga ya uji ikionekana.

Nilikwenda hospitalini moja kwa moja. Mwadime alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta hadi kiunoni. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mipana. Nilimpa pole, akaitika kama mtu aliyechoka kupewa pole.

"Wameshakuambia kuwa nilikuwa nimelewa?"

"Nimesikia kanisani."

"Kanisani kabisa." Alicheka kidogo, ikamuuma. "Nilipanda saa kumi kwa kuwa kivuli ni cha uhakika, dada. Hata kofia niliacha kuvaa siku nyingi. Bati jipya likaniwakia usoni, nikatafuta ngazi kwa mguu, ngazi sikuiona. Nikiwaambia ni jua wananiangalia hivi. Miaka sita sijagusa kitu. Jana mke wangu aliinama kunibusu, kumbe alikuwa ananusa."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanitoka yote.

"Jua lilikuwepo," nikamwambia. "Nililifungua mimi."

Hakunielewa, ikabidi nirudie. Nilimweleza puto la tano, koki, na uongo wa bomba. Nilimpa picha moja aliyopiga Righa, kwa kuwa nilikuwa nayo mfukoni na sikujua kitu kingine cha kumpa. Aliishika kwa mbali, kama wanavyoshika watu wanaohitaji miwani.

"Hiki cheusi ndicho mlichokuwa mnakitafuta?"

"Ndiyo. Ni Zuhura."

"Mlikiona kwa muda gani?"

"Dakika kumi."

"Mimi nimeambiwa wiki kumi na mbili." Alinirudishia picha. Nilingoja anitukane, maana ningeona nafuu, lakini aligeuza uso dirishani. "Andika," akasema. "Andika na saa. Mke wangu anajua kusoma."

*

Chama kilikutana jioni ile nyumbani kwa Mwalimu, Wundanyi. Bahasha nne zilikuwa mezani. Malemba na Righa walikuwa wameshakaa, na nilijua Malemba ameshapata jibu lake mwenyewe, kwa sababu hakunisogezea kiti.

"Mwalimu, naomba bahasha yangu kabla hazijafunguliwa," nilisema. "Nimeandika kitu ambacho si kweli."

"Bahasha hairudishwi."

"Mwalimu, tafadhali."

"Hairudishwi, Mkawasi. Ukitaka, andika nyingine uiweke juu yake. Ile ya kwanza inabaki." Alisema kwa ukali wa darasani. Alifungua ya Righa: dakika thelathini na nane na sekunde kumi na nne, anga wazi, sababu upepo. Alifungua ya Malemba: sekunde ishirini na mbili, anga wazi, sababu sijui. Alifungua yangu, akaisoma mpaka kwenye neno upepo bila kubadilisha sauti.

Ya mwisho ilikuwa yake. Alivaa miwani, akaivua, akamkabidhi Malemba karatasi.

"Dakika thelathini na nane, sekunde kumi na moja," Malemba alisoma. "Anga wazi. Sababu." Akanitazama, kisha akaendelea. "Mkawasi amefunga puto la tano. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuona."

Righa aliweka mkono kichwani. Mwalimu alikuwa akikunja leso yake, ikamshinda kukunjika sawasawa.

"Mamlaka wakiichukua picha, waichukue," alisema. "Nimeshaiona. Sasa andika ile nyingine."

*

Niliandika karatasi moja, na saa zake. Usiku nilipanda kituoni nikaisomea mashine kwa sauti, neno kwa neno, nikangoja.

"Taarifa yako imepokelewa kwa furaha," ilisema. "Kukiri kosa si miongoni mwa sababu zilizoorodheshwa. Je, ungependa kuripoti bomba lililoziba?"

Nilicheka peke yangu mpaka nikaketi chini. Nafasi ilikuwepo, nyeupe na pana, ya kunyamaza na kubaki na kazi yangu. Mashine haikutaka ukweli wangu. Ilinitakia usiku wenye ubaridi.

Jumatatu asubuhi nilibandika nakala mlangoni mwa kituo, nikaiweka rimoti juu ya meza kwa ajili ya atakayetumwa, na kuteremka kilima. Mke wa Mwadime nilimpa nakala yake mkononi. Aliisoma amesimama, akaisoma tena, akaingia ndani bila kunikaribisha.

Mwenyekiti nilimkuta kanisani, chini ya mwanya wa paa. Alisoma karatasi yangu na ya Mwalimu, midomo ikitembea, kisha akaitazama picha kwa muda mrefu. Aliisogeza kwenye mwanga, akaikwaruza kwa ukucha akidhani ni uchafu.

"Ni kidoa hiki?"

"Ndicho."

"Ukamwangusha mtu kwa ajili ya hiki tu?"

"Kwa ajili ya hicho tu," nikamjibu. "Sasa nenda kawaambie hakuwa amelewa."